Kipande cha tatu: mfupa wa jiwe kutoka bonde la Songwe na maswali yake kisheria

Ilikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kimeshika kweli kweli, mzee mmoja akashuka kwenye Noah pale Mbalizi akitokea barabara ya Galula, vumbi mpaka kwenye kope, begani kabeba kiroba cha mbolea kimefungwa kwa kamba ya katani. Akaulizia wasaidizi wa kisheria wako wapi, akaletwa kwetu. Kazi zetu nyingi ni mipaka ya mashamba, mirathi, akina mama waliotelekezwa na watoto, kwa hiyo alipokaa nikajua ni shamba tu. Akasalimia, akauliza habari za nyumbani bila haraka yoyote, alafu akafungua kiroba na kuweka mezani vitu viwili vilivyoviringishwa kwenye kitenge cha mkewe.

Vilikuwa vipande vya mfupa. Kile kirefu kinatoka kwenye kiwiko changu mpaka kwenye ncha za vidole, rangi yake nyekundu nyekundu kama udongo wa kule kule, uzito ni wa jiwe kabisa, ila pale kilipovunjika ndani unaona vitundu vidogo vidogo kama andazi ukilipasua katikati. Kijana aliyekuja naye, mtoto wake wa pili, aliwahi kufanya kibarua kwenye kambi ya watafiti, akasema kule walifundishwa ukitaka kujua mfupa wa kale na jiwe la kawaida gusisha ulimi, mfupa unanata. Nikajaribu. Ulinata.

Mzee akasema, "Mwanangu, mimi nataka jibu moja tu. Hiki kitu ni changu au si changu?"

Nimeamua kukiandika hiki kisa chote kwa sababu lile swali moja lilizaa mengine manne, na kila mtu niliyemuuliza mwanzoni, wakiwemo watu wenye digrii zao za sheria, alinijibu kwa kubahatisha.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Mvua za masika zilibomoa ukingo wa korongo linalopakana na shamba lake la alizeti, mifupa ikachungulia, watoto wakaichokonoa na jembe vikatoka vipande vitatu. Vikakaa uvunguni miezi kadhaa. Siku moja akapita dalali anayezungukia machimbo ya dhahabu upande wa Chunya, akaviona, akatoa simu akawaonyesha video ya mnada wa New York, dinosaria anauzwa dola milioni 44 na ushee. (Hiyo ni kweli, ni yule Stegosaurus wanayemwita Apex, Julai 2024.) Akamwambia mzee huko Marekani mwenye shamba ndo mwenye mfupa, akatoa laki moja na nusu mkononi, akachukua kipande cha tatu kama sampo akisema ana mtu wake ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia, atarudi na milioni saba kuchukua hivi viwili. Alivyokuja kwetu mzee, dalali alikuwa na wiki tatu hajarudi na simu haipatikani.

Sasa tuanze na lile la Marekani, maana ndo lililompa mzee matumaini. Dalali hakudanganya moja kwa moja, kule mfupa ukitoka kwenye ardhi ya mtu binafsi kweli ni wa mwenye ardhi. Ila hata kule mambo hayako mepesi hivyo. Kuna dinosaria wa aina ya T. rex anaitwa Sue, alipatikana 1990 South Dakota kwenye ardhi ya mfugaji mmoja mwenyeji wa asili wa kule, waliomchimba walimlipa yule mfugaji dola 5,000 wakadhani wamemaliza. Mwaka 1992 FBI wakaja kukamata mifupa yote, kwa sababu ardhi ile serikali ya shirikisho ilikuwa imeishikilia kwa amana kwa niaba yake, na mahakama ikasema mifupa ya zamani hivyo ni sehemu ya ardhi yenyewe, huwezi kuiuza bila kibali kama ambavyo usingeweza kuuza kipande cha ile ardhi. Mwishowe mnada ulifanyika 1997 kwa dola milioni 8.36 na hela ikaenda kwa mfugaji. Waliolipa 5,000 walibaki bila mfupa.

Kwetu hapa msingi ni mwingine kabisa. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini, hivyo ndivyo sheria za ardhi za 1999 zinavyosema, na mzee kwenye shamba lake ana haki ya kimila ya kutumia ardhi ya kijiji. Haki hiyo ni kubwa na tunaipigania kila siku ofisini, ila ni haki ya kulima, kujenga, kurithisha. Haishuki chini mpaka kwenye kila kilichozikwa.

Kinachoshuka chini ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Sura ya 333, iliyorekebishwa 1979. Watu wengi wakiisikia wanafikiria magofu ya Kilwa na milango ya Zanzibar. Lakini soma pale inapofafanua masalia ni nini, kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni vitu vilivyotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Ya pili haina mwaka, inataja mabaki ya binadamu, ya wanyama wengine wenye uti wa mgongo, na ya mimea, yaliyogeuka kisukuku, yaani yaliyogeuka jiwe, pamoja na alama zake kwenye mawe. Mfupa wa mzee unaingia hapo moja kwa moja, awe mjusi, mamba au nyani. Angeleta gamba la konokono lililogeuka jiwe tungekuwa na ubishi mwingine, maana konokono hana uti wa mgongo na sheria haikumtaja, na hilo kwa maoni yangu ni tobo linalotakiwa kuzibwa.

Ukishaingia humo basi mambo matatu yanakubana. Ukigundua kitu unatakiwa kutoa taarifa serikalini. Kuchimba kunataka leseni. Kukitoa nje ya nchi kunataka leseni nyingine. Na kitu chenyewe ni cha umma, anayekiokota anakuwa mtunzaji mpaka wenyewe waje. Kwa hiyo jibu la mzee lilikuwa si chako, na nilimwambia vile vile huku namwangalia machoni, maana mtu aliyesafiri na mfupa kwenye kiroba masaa mawili ya vumbi anastahili jibu lisilozunguka.

Akanyamaza. Kijana wake akauliza swali ambalo kusema ukweli lilinikamata. Dalali aliwaonyesha leseni yake ya udalali wa madini, ina muhuri kabisa, akasema hili ni jiwe na mimi nina leseni ya mawe. Hilo je?

Nilienda kulala nalo. Sheria ya Madini ya 2010 inafafanua madini kwa upana sana, kitu chochote kinachopatikana kiasili ardhini kilichotokana na mchakato wa kijiolojia, na ukiisoma kikavu mfupa uliojaa silika na chuma kwa miaka milioni mia unaweza kuuingiza humo. Lakini tufuate hiyo hoja mpaka mwisho tuone inamfikisha wapi. Kama ni madini, basi ni mali ya taifa hivyo hivyo, na mzee hana leseni ya uchimbaji mdogo, kwa hiyo dalali kanunua kwa mtu asiye na haki ya kuuza, leseni yake mwenyewe inamgeuka. Kama si madini, leseni yake haihusiki kabisa. Na pale sheria mbili zinapogusa kitu kimoja, ile iliyokitaja kitu chenyewe kwa jina ndo inayotangulia, na visukuku vimetajwa kwenye Mambo ya Kale. Njia zote mbili zinamfungia dalali mlango. Nawaomba sana mlio kwenye maeneo ya machimbo, Chunya, Mkwajuni, Makongolosi, mtu akija na hiyo leseni kutaka mfupa, msimwamini kwa sababu ya muhuri.

Swali la kutoka nje nalo lina pande mbili na watu wanazichanganya. Kuna visukuku vya huku huku kwetu vimepanda ndege kwenda Marekani kihalali kabisa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna timu ya watafiti, wa Chuo Kikuu cha Ohio na wenzao wakiwemo Watanzania, wanachimba bonde la Rukwa na Songwe, wametoa vitu ambavyo dunia inavijua kwa Kiswahili chetu: dinosaria Shingopana, dinosaria Mnyamawamtuka mwenye mifupa ya mkia yenye umbo la moyo, Pakasuchus yule mamba mdogo mwenye meno kama ya mnyama anayetafuna, ambaye jina lake la pili limetokana na profesa Saidi Kapilima wa Dar es Salaam. Rukwapithecus naye, nyani wa miaka milioni 25, katoka huku huku. Mifupa hiyo inakwenda kusafishwa na kupigwa picha kwenye maabara kwa vibali vya serikali, na inajulikana ni ya Tanzania, kila kipande kina namba inayoanza na RRBP, ambazo ni herufi za mradi wenyewe. Ukiikuta RRBP popote duniani unajua imetoka shimo gani na ya nani.

Kipande cha tatu cha mzee hakina namba. Kimepita Tunduma, kama kweli kimepita, kwenye lori au chini ya siti ya basi, na hapo ndo ugumu wote ulipo.

Tukienda kwenye kurudishwa, nilianza kwa kumwambia mzee habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyeko Berlin, kwa sababu ndiye anayejulikana na kila mtu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walitoa zaidi ya tani 200 za mifupa kule Lindi, wabebaji wakaishusha pwani vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa, vita vya Majimaji vimeisha juzi tu, na msimamizi wa kazi aliyesifiwa mno alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wetu. Yule mkubwa amesimama Berlin tangu 1937, mita 13 kwenda juu. Serikali ya kikoloni iliitangaza ile ardhi kuwa ya dola, ikajipa kibali yenyewe, ikajisafirishia yenyewe. Mwanasheria wa Berlin leo atakwambia kwa sheria ya wakati ule hakuna kilichoibiwa. Mi nasema sheria iliyotungwa na mchukuaji ili achukue haiwezi kuwa ndo neno la mwisho kwenye haki, lakini mahakamani inasumbua, na mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, ambao sisi tuliridhia 1977 na Ujerumani wakangoja mpaka 2007, haurudi nyuma. Mwaka 2018 waziri wetu wa mambo ya nje wakati ule, hayati Mahiga, mtu wa Iringa hapa, alisema mjusi abaki Berlin na Wajerumani watusaidie kuchimba na kuendeleza utalii. Sikuwahi kukubaliana na hilo na sijabadilika.

Kuna wa karibu zaidi na sisi ambaye hata hasemwi. Bonde la Ruhuhu, kule Ludewa inapopakana na Songea kuelekea ziwa Nyasa, mtafiti wa Cambridge anaitwa Parrington alikusanya mifupa mwaka 1933. Ikakaa kabatini London, mingine ya mnyama huyo huyo iko Cape Town, ikaja kutangazwa rasmi baada ya miaka karibu themanini kwa jina la Nyasasaurus parringtoni, umri kama miaka milioni 243, huenda ndo dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana au ndugu yao wa karibu sana. Angalia tarehe. Tanganyika ilipata sheria yake ya kwanza ya kuhifadhi kumbukumbu za kale 1937. Parrington alishaondoka miaka minne nyuma. Ule mfupa ulitoka wakati hakuna hata mstari mmoja wa kuuzuia.

Kipande cha mzee kiko kwenye hali tofauti, na hapa ndipo nilipomwona mzee anainua kichwa. Kimetoka mwaka ambao sheria ipo, na imekuwepo kwa takriban miaka 60. Kisheria ni kitu cha umma kilichoibiwa, na hilo ndilo lililowasaidia Wamongolia. Mei 2012 mifupa ya dinosaria Tarbosaurus ilipigwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni moja. Fomu za forodha zilisema imetokea Uingereza na thamani yake dola 15,000. Wataalamu wakasema mnyama huyu na rangi hii ya mifupa ni jangwa la Gobi, Mongolia wakaweka mezani sheria zao kuanzia 1924 kuonyesha visukuku ni vya dola, serikali ya Marekani ikaifungulia kesi mifupa yenyewe, na Mei 2013 ikakabidhiwa. Brazil nao, kwa sheria yao ya 1942, walirudishiwa Juni 2023 kisukuku cha dinosaria Ubirajara kilichokuwa Karlsruhe Ujerumani, baada ya wanasayansi wao kupiga kelele mwaka hadi mwaka.

Nilitaka kumwambia mzee basi na sisi tutashinda. Sikumwambia, kwa sababu nilishasoma kipengele cha 7 cha ule mkataba wa UNESCO. Kinachombana moja kwa moja nchi mwanachama kurudisha ni kitu kilichoibwa makumbusho au jengo la kumbukumbu na kikawa kimeorodheshwa kwenye daftari lao. Mfupa uliochomolewa korongoni haujawahi kuandikwa popote. Unabaki na njia ndefu, kuthibitisha umiliki kwa sheria yako na kuthibitisha kwamba hiki hapa kimetoka kule, kwa hiyo kila kitu kinategemea ushahidi.

Sisi watu wa nyanda za juu kusini tunalijua hili kwa uchungu wake. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, liliandikwa kabisa kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kipengele cha 246, kwamba Ujerumani wanatakiwa kulikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Lilifika Kalenga Juni 1954, na gavana Twining alilitafuta Bremen kati ya mafuvu kama 2,000, akachagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu zake waliokuwa hai. Mpaka leo kuna wanaouliza kama ndilo. Walikuwa na mkataba mkononi, wenye majina na sahihi za mataifa, lakini rekodi ya fuvu lenyewe haikuwepo, wakabaki kupima.

Kwa hiyo nikamuuliza kijana, kipande cha tatu mna picha yake? Akatafuta kwenye simu muda mrefu mpaka nikakata tamaa. Akaipata, alimpigia mdogo wake akiwa amekishika mbele ya nyumba, na nyuma yake kile kirefu kimeegemezwa ukutani. Ukiikuza unaona upande uliovunjika wa cha tatu, una jino kama la msumeno na doa jeupe la duara. Tukageuza kile kirefu mezani. Jino lile lile kwa kinyume, doa lile lile nusu yake.

Sijui kama nitaeleza vizuri furaha niliyoipata. Nikamkataza mzee asikisugue, asikioshe, asikipake mafuta. Tukaviringisha ncha zilizovunjika kwa toilet pepa tabaka kwa tabaka, kijana akasema ndivyo watafiti wanavyofanya, tukafunga kwa selotepu. Alafu tukaandika maelezo kurasa tatu: korongo liko wapi kutoka kwenye mti gani, siku gani, nani walikuwepo, dalali alivaaje, pikipiki yake namba gani (kijana alikumbuka tarakimu tatu), hela ilikuwa noti za elfu kumi ngapi. Mzee aliogopa kuitaja ile laki na nusu. Nilimwambia aitaje, akiificha wataipata na itaonekana aliuza kwa kujua. Hofu hiyo hiyo ndo inayowafanya watu wengi vijijini waseme hapana, bora nifukie.

Tulipeleka taarifa ofisi ya wilaya na polisi siku inayofuata. Ilichukua wiki tano afisa wa mambo ya kale kufika, nikawa napiga simu mpaka wananijua sauti. Alivyofika alikuwa mtu mzuri, akaenda korongoni, akachukua vipimo vya GPS, akapiga picha ukingo, akavipa vile vipande namba pale pale kwa kalamu. Maelezo kuhusu cha tatu yalipelekwa kwa watu wa mpakani, na kwa upande wa Zambia kuna matumaini kidogo maana nao wamo kwenye mkataba, na wao wenyewe wanadai fuvu la Kabwe, la binadamu wa kale, lililoko London tangu 1921, wanajua maana ya kuporwa.

Kuna jambo moja silikubali kwenye huu utaratibu. Mzee alitunza, akasafiri kwa nauli yake, akajitaja mwenyewe polisi, na akarudi nyumbani na karatasi ya mapokezi tu. Dalali aliondoka na mfupa na ana uhakika wa hela. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijakutana na mwanakijiji hata mmoja aliyelipwa kwa kuripoti, na wakati huo huo tunashangaa kwanini hawaripoti. Serikali ingeweka hata fedha ya shukrani inayojulikana kijijini, ikatangazwa kwenye mkutano wa kijiji kama tunavyotangaza ruzuku ya mbolea, yule dalali angekuta mlango umefungwa kabla hajatoa simu yake. Na jina la korongo na la kijiji viandikwe kwenye makumbusho pale mfupa unapowekwa, hiyo haigharimu kitu.

Wiki iliyopita kijana alinitumia meseji watsapu. Karatasi ya mapokezi mzee kaiweka kwenye Biblia pamoja na kadi ya kura, kila mgeni akija anaonyeshwa. Na mvua za mwaka huu zimekula tena ule ukingo, umechungulia mfupa mwingine, hawajaugusa. Wamezungushia miiba. Alikuwa anauliza ile namba ya yule afisa bado ndo hiyo hiyo, na kile cha tatu je, kuna habari. Namba nikamtumia.